Masafa, Saa na Sala ya Msafiri wa Ndege

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeliumba jua na mwezi vikenda kwa hisabu isiyokosea. Na Sala na salamu zimfikilie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tumeletewa suala katika darasa letu, na suala lenyewe limekwisha zungushwa barazani mpaka watu wakakaribia kununiana. Kijana mmoja wa hapa mjini alisafiri mwezi wa Disemba kutoka Nairobi kwenda New York kwa ile ndege isiyotua njiani. Saa yake ya mkononi ilipofika saa 11 ya alfajiri, akainuka, akatawadha, akasali Sala ya Alfajiri, kisha akajifunika blanketi akalala. Mwenziwe aliyeketi ubavuni pake hakusali kabisa. Alisema kuwa huko hewani hakuna wakati, na kwamba atazilipa zote atakapofika kwa jamaa zake. Mzee mmoja alipohadithiwa khabari hii aliwalaumu wote wawili, kisha akaongeza neno lake la tatu: kuwa mtu aliyeketi juu ya kiti laini, akaletewa chakula mpaka mkononi, akalala na kuamka yuko Marekani, huyo hana safari ya kumhalalishia kupunguza Sala.

Basi tunayo maneno matatu mbele yetu. La kwanza linasema wakati ni ule wa saa ya mkononi. La pili linasema hakuna wakati. La tatu linasema hakuna safari. Na yote matatu yametoka katika chimbuko moja, nalo ni kuchanganya masafa na muda. Watu wameona safari iliyokuwa ikila miezi sasa inakwisha kabla ya siku kutimia, wakadhani kuwa na sharia nayo imekunjwa pamoja na njia.

Tuanze kwa kuijua safari yenyewe, maana hukumu ya kitu ni tawi la kukijua. Ndege ya moja kwa moja baina ya Nairobi na New York ilianza kuruka tarehe 28 Oktoba 1918 kwa hisabu ya karne iliyopita? La, si zamani kiasi hicho: ni mwaka 2018 tu. Kabla ya hapo msafiri wetu hakuwa na budi kuteremka Ulaya au Ghuba na kungoja ndege ya pili. Baina ya viwanja viwili hivi pana kadiri ya kilomita 11,840 kwa njia iliyo fupi kuliko zote. Kwenda huchukua kadiri ya saa 15, na kurudi kadiri ya saa 14. Njia ni ile ile, lakini huko juu pana pepo kali zivumazo kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege iendayo Marekani hupigana nazo, na ile irudiyo husukumwa nazo. Wazee wetu waliokuwa wakipanda majahazi hawahitaji kufunzwa jambo hili. Walijua kuwa kutoka Mombasa kwenda Maskati pana bahari ile ile mwaka mzima, lakini jahazi lingojalo kusi hufika, na lile litokalo bila ya musimu hujitafutia balaa.

Na msomaji asiitazame ramani iliyobandikwa ukutani akadhani kuwa ndege huelekea magharibi moja kwa moja, ikapita juu ya Kongo na kuingia baharini. Ramani ya ukutani imelazwa, na dunia ni tufe. Achukue mpira wa dunia kama ule uliomo mashuleni, aukaze uzi kutoka Nairobi mpaka New York. Ataona uzi unakwea kuelekea kaskazini-magharibi: unapita Uganda, pande za Sudan, Chad, jangwa la Sahara, Aljeria na Moroko, ndipo unaposhika bahari ya Atlantiki. Rubani naye huuacha uzi huo akiwa na sababu, kama upepo mbaya au anga lililofungwa. Anga la Sudan lilifungwa kwa ndege za abiria vita vilipozuka huko mwezi wa Aprili 2023, na ndege nyingi zikalazimika kuzunguka.

Elimu hii ya kupima mji na mji juu ya tufe si ngeni kwetu. Khalifa al-Maamun, aliyetawala baina ya mwaka 813 na 833, aliwapeleka wapimaji katika uwanda wa Sinjar wakapime daraja moja ya ardhi kwa kamba na kwa nyota. Na al-Biruni, aliyezaliwa Khwarizm mwaka 973, alimaliza mwaka 1025 kitabu kizima juu ya kuhakikisha mahali pa miji na masafa yaliyo baina yao, na haja yake kubwa ilikuwa kuujua mji wa Ghazna uko wapi hasa ili kibla chake kielekezwe sawasawa. Walipima dunia kwa ajili ya Sala! Leo mwanafunzi wetu anahitimu chuoni, amehifadhi mlango wa Sala wote, lakini ukimpa mpira wa dunia hawezi kukuonyesha Maka iko upande gani wa New York. Hatusemi haya kwa kuwadharau vijana. Lawama ni ya sisi tunaowasomesha, tulioona kuwa hisabu na jiografia ni elimu za skuli zisizoingia msikitini.

Tumjibu kwanza yule mzee, kwa heshima yake. Yeye anasema safari isiyo na taabu si safari. Lakini sharia haikuifunga rukhsa ya kupunguza Sala na taabu, kwa sababu taabu haipimiki. Ya huyu si ya yule. Imeifunga na safari yenyewe. Katika Surat an-Nisaa, aya ya 101, kupunguza Sala kumetajwa pamoja na khofu ya adui. Yaala bin Umayya akamwuliza Sayyidna Umar (R.A.): sasa watu wamepata amani, mbona bado tunapunguza? Umar akamjibu kuwa naye aliwahi kustaajabu vivyo hivyo, akamwuliza Mtume (S.A.W.), naye akamweleza kuwa hiyo ni sadaka ya Mwenyezi Mungu kwa waja wake, basi waipokee. Khabari hii imo katika Sahihi ya Muslim. Khofu iliondoka na sadaka ikabaki. Basi na taabu ikiondoka, sadaka hairudi ilikotoka.

Na liko lililo wazi zaidi ya hilo kwa sisi tulio katika madhehebu ya Imam Shafi. Wanavyuoni wetu wameiweka safari ndefu kuwa ni marhala mbili, nazo ni maili 48 za Kihashimu, zinazokaribia kilomita 80 au zaidi kidogo kwa vipimo vya leo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, alilitaja jambo hili katika Minhaj, kitabu ambacho hapana darasa la pwani hii lisilokijua. Akasema maana yake kuwa bahari katika hukumu hii ni kama nchi kavu, na lau msafiri atazikata maili hizo baharini kwa saa moja tu, basi atapunguza Sala. Tazama, ndugu yetu, ufikirie vyema. Katika zama zake hapakuwa na chombo kilichoweza kukata marhala mbili kwa saa moja. Alikuwa akilitenga pambo la maneno na kuiacha hukumu ikiwa uchi: kinachohisabiwa ni masafa, na mwendo wa chombo si kitu. Ndege yenda kilomita 800 na zaidi kwa saa moja, nayo imekwisha jibiwa miaka mia saba kabla ya kuundwa.

Juu ya hayo, aliyetoka Mombasa au Malindi au Lamu amekwisha kuwa msafiri kabla hajaiona ndege, maana baina ya Mombasa na Nairobi pekee pana zaidi ya kilomita 400. Huyo atapunguza na kukusanya akiwa pale kiwanjani, maadamu hakunuia kukaa Nairobi siku nne timamu. Walakini mkazi wa Nairobi yuko mjini kwake mpaka atakapoyaacha majengo ya mji wake. Kiwanja kilichomo ndani ya mji hakimfanyi kuwa msafiri hata akishakabidhi mizigo.

Sasa tuingie katika suala la wakati, nalo ndilo kubwa. Mwenyezi Mungu ametuambia katika sura hiyo hiyo, aya ya 103, kuwa Sala kwa Waumini ni fardhi yenye nyakati maalumu. Na nyakati hizo zimefungwa na jua. Alfajiri ni kupambazuka kwa nuru iliyotanda upeoni, Adhuhuri ni jua kupinduka, Alasiri ni kivuli, Magharibi ni jua kutua, na Isha ni kutoweka wekundu. Saa ya mkononi ni mtumishi anayetuletea khabari za jua la mahali fulani. Sisi Waswahili tulipaswa kulijua hili kuliko wengine, kwani saa zetu tumezihisabu tangu jadi kwa kuchomoza na kuzama kwa jua. Saa 12 kwetu ni jua kutua, na saa 1 ni mwanzo wa usiku mpya. Lakini mtu akipanda ndege na saa ya Mombasa, ataendelea kupata khabari za jua la Mombasa, naye hayuko tena chini ya jua hilo.

Tuhisabu safari ya kijana wetu. Tuseme ndege imeruka Nairobi saa 6 kasorobo ya usiku. Jua lilikuwa limezama kadiri ya saa 12 na nusu, na Magharibi na Isha amekwisha kuzisali. Dunia hujizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki, na penye ikweta uso wake huenda kadiri ya kilomita 1,670 kwa saa. Ndege iendayo magharibi huwa kama mtu anayelikimbia jua lisimfikie kwa nyuma. Mbio zake hazitoshi kuliacha kabisa, lakini hulichelewesha. Ilipofika saa 11 ya alfajiri ya Mombasa, wakati waadhini wetu wako katika Alfajiri, ndege ilikuwa juu ya Sahara, pande za kusini ya Aljeria, na kwa jua la huko ilikuwa kadiri ya saa 8 na nusu ya usiku. Usiku wa manane! Hapo ndipo kijana wetu aliposali Alfajiri. Na alfajiri ya kweli ilimjia lini? Kwa hisabu tuliyoifanya, ilimkuta katikati ya Atlantiki, saa yake ya mkononi ikikaribia saa 6 ya mchana, wakati watu wa Mombasa wanajitayarisha kwa Adhuhuri. Naye alikuwa amelala, moyo umetulia kuwa amekwisha sali.

Ndege hiyo hutua New York kwa saa yetu saa 9 kasorobo ya mchana, na kwa saa ya huko, katika majira yao ya baridi ambapo wako nyuma yetu kwa saa 8, ni saa 1 kasorobo ya asubuhi. Jua katikati ya Disemba huchomoza huko kadiri ya saa 1 na dakika 10 na ushei. Maana yake ni kuwa tangu jua kuzama Nairobi mpaka kuchomoza New York msafiri ameishi usiku mmoja wa zaidi ya saa 20. Na maana yake nyingine, nayo ndiyo yenye kudhuru, ni kuwa aliyengoja kusali Alfajiri atakapofika amebakishiwa nusu saa au chini yake. Katika nusu saa hiyo ndege bado inatambaa chini kutafuta mlango wake, abiria wamesimama na mizigo vichwani, kisha pana safu ya kukaguliwa paspoti. Jua litamchomozea akiwa katika safu. Ilhali alfajiri ilikuwa naye hewani zaidi ya saa mbili kabla ya kutua, maana na alfajiri nayo hurefuka kama ulivyorefuka usiku. Alikuwa na wasaa kuliko aliokuwa nao nyumbani kwake.

Basi huyu aliyesema hewani hakuna wakati, tumwambie kuwa hapana mahali chini ya jua pasipo wakati. Na huyu aliyesali kwa saa ya Mombasa, Sala yake ilitangulia wakati, nayo haikumtoshea fardhi. Hana budi kuilipa. Nia yake njema twataraji ataipatia thawabu. Tumewasikia pia wengine wanaoikusanya Alfajiri pamoja na Isha kabla ya kupanda ndege ili walale salama. Hilo halina asili. Kukusanya ni kwa Adhuhuri na Alasiri, na kwa Magharibi na Isha. Alfajiri husimama peke yake, haina wa kukusanywa naye.

Atauliza mtu: nitaijuaje alfajiri nami nimo ndani ya chombo? Wanavyuoni wamemtaka mwenye kusali awe na yakini ya kuingia wakati, au ajitahidi kwa dalili mpaka dhana yake iwe na nguvu. Dalili ya kwanza ni dirisha. Lakini tahadhari: madirisha ya hiyo Boeing 787 inayotumika katika safari hii hayana pazia la kuteremsha, hutiwa giza kwa kidude cha umeme, na watumishi wa ndege huweza kuyatia giza yote pamoja ili abiria walale. Mtu akatazama akaona kiza, akadhani ni usiku, na nje pamepambazuka. Amwombe mtumishi, au aende penye kidirisha cha mlangoni. Dalili ya pili ni ile ramani iliyo katika kioo mbele ya kiti, ionyeshayo ndege iko juu ya nchi au bahari gani na saa ngapi zimebaki. Na ya tatu ni hisabu. Duara ya dunia ni daraja 360, na jua huzimaliza kwa saa 24. Kwa hiyo daraja moja ni dakika 4. Ajue kabla ya kusafiri alfajiri ya New York ni saa ngapi, na kwa kila daraja ambayo ndege bado iko mashariki ya mji huo, aondoe dakika 4. Hisabu hii haimshindi muuza duka anayejua kupiga faida ya gunia la mchele.

Kusali kwenyewe ni kama kusali merikebuni. Mtume (S.A.W.) alikuwa akisali sunna juu ya mnyama wake popote alipoelekea, lakini kwa fardhi alikuwa akiteremka. Kwa hiyo kusimama na kuelekea kibla katika fardhi hakuachwi kwa uvivu au kwa kuona haya. Karibu na jiko la ndege au penye milango huwa pana nafasi ya mtu mmoja, na aombaye kwa adabu mara nyingi hupewa. Katika safari hii Maka imebaki nyuma ya msafiri takriban njia nzima, basi na aelekee upande wa mkia wa ndege, akijitahidi kwa ramani kupata kulia au kushoto. Kama taa ya kufunga mikanda imewaka na kusimama kumekatazwa, atasali pale kitini kwa kuinama kadiri awezavyo ili kuuheshimu wakati, na kwa madhehebu yetu atairudia atakapotua. Wako wanavyuoni wengine wasiomtaka kurudia, wala hatumlaumu aliyewafuata.

Katika kurudi mambo hugeuka. Mara nyingi ndege ya kurudi imekuwa ikiondoka New York mchana (ratiba hubadilika, basi kila mtu atazame tikiti yake). Sasa msafiri analiendea jua uso kwa uso, na siku inamkatikia. Akiruka saa 6 na nusu ya mchana katika Disemba, Alasiri itamwingilia baada ya saa moja na kidogo, na jua litazama baada ya saa mbili na nusu hivi, ilhali watu wa New York jua lao bado liko juu. Mgeni ambaye bado yu katika hukumu ya safari, kama adhuhuri imekwisha ingia, na azikusanye Adhuhuri na Alasiri pale kiwanjani, rakaa mbili mbili, apande moyo mweupe. Ndugu zetu wakazi wa huko, na waliokaa huko siku nne na zaidi kwa nia, kiwanja hicho kimo ndani ya mji wao; wataisali Adhuhuri timamu, na Alasiri wataisali hewani kwa kupunguza, wala wasiikawilie. Katika majira ya joto adhuhuri ya New York huingia kadiri ya saa 7 ya mchana, kwa vile saa zao husogezwa mbele, na huenda ndege ikaruka kabla yake. Hapo zote mbili ni za hewani.

Limebaki la mwenye saumu. Msafiri ana rukhsa ya kula na kulipa. Lakini aliyechagua kufunga hatafuturu kwa adhana ya Mombasa aliyoisikia katika simu yake, wala kwa kutwa kwa jua katika mji ulio chini yake. Atafuturu jua litakapozama kwa macho yake, na aliye juu kilomita 11 hulibakia jua baada ya kuwapotea walio chini. Mwaka 2011 huko Dubai wanavyuoni waliwafutia wakazi wa lile jengo refu la Burj Khalifa kuwa wa juu ya ghorofa ya 80 wangoje dakika mbili baada ya adhana, na wa juu ya ghorofa ya 150 wangoje tatu. Ikiwa ghorofa ina dakika zake, ndege ina zaidi.

Suala la mahujaji warukao kwenda Jeddah, ambao mikati huwapita chini yao kwa dakika chache na nguo zao za ihramu zimo sandukuni, tumeliweka kwa toleo lijalo, kwani barua zake ni nyingi. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.